Uwanja Ulionyolewa kwa Ajili ya Mbwa

Haya, wekeni hizo fagio chini mnisikilize, maana kila alfajiri nawasikia mkinung'unika: eti vumbi, eti mgongo, eti uwanja ulifagiwa jana tu na leo tena. Mkiulizwa kwa nini mnafagia, mnajibu, "Usafi." Usafi gani! Uwanja huu ulianza kufagiwa kwa ajili ya mbwa. Aliyeanza alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Umazi, na siku aliyoanza watu walimjia juu kana kwamba ameua.

Wakati huo jua lilikuwa bado geni, likipita taratibu huku likiikagua nchi, na mchana ulikuwa mrefu kuliko wa siku hizi. Nyasi zilikuwa kila mahali. Zilifika mpaka kizingitini, zikaegemea kuta, zikachungulia ndani watu wakila. Hakuna aliyeona vibaya. Ukitoka nyumbani umeingia nyasini, na mtu akija kukuamkia unamsikia kabla ya kumwona. Upepo ukivuma, nyumba zote zilionekana zinaelea.

Tena nyasi za mlangoni zilikuwa heshima ya nyumba. Ziling'olewa siku moja tu, siku ya kufiwa. Wafiwa walinyoa vichwa, na ardhi ya mlangoni nayo ikanyolewa, ikabaki kipara, ili mpita njia akiuona udongo mtupu ajue hapa ameondoka mtu, ashushe sauti. Kung'oa nyasi bila maiti ndani ilikuwa ni kukiita kifo kwa jina lake. Hata mtoto mdogo alilijua hilo.

Na humo nyasini aliishi Kifutu. Mnamjua nyinyi: nyoka mfupi, mnene, mvivu, rangi yake ni ya nyasi kavu na kivuli. Watu walitembea na fimbo, wakigongagonga mbele yao, wakapona. Mbwa hana fimbo. Mbwa hutanguliza pua. Kwa hiyo mbwa wa nchi ile walikufa wangali vijana, nyuso zimevimba, na wenyewe wakisema, "Ah, mbwa ndivyo walivyo," kisha wakatafuta mwingine.

Umazi alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto. Mumewe alipozikwa, watu walikaa naye mpaka matanga yakaisha, halafu wakaenda zao. Aliyebaki ni mbwa jike wa rangi ya majivu, aliyejilaza mlangoni akakataa kumfuata kila aliyemwita. Majirani walimcheka Umazi: mwanamke mzima anaongea na mbwa, anamwachia ugali wa chungu chake mwenyewe! Basi akamwita mbwa yule Watasema. Wakasema kweli, naye hakujali. Alimpenda. Siwafichi, alimpenda kuliko mashemeji zake wote kwa pamoja.

Kiangazi kimoja Watasema akazaa. Vitoto vikalala katika kikapu kikuukuu, vikilia kidogo na kunyonya sana, na Umazi akawa anavitazama siku nzima akisahau hata kwenda kisimani. Mpaka asubuhi moja akaona jicho la kwanza limefunguka. Moyo ukampasuka paa! Vikishaona vitatembea, na vikitembea vitatoka, na nje ni nyasi.

Alijaribu yote waliyojaribu watu. Alimwaga majivu kizingitini, upepo ukayachukua. Alifunga mlango, Watasema akaukwaruza na kulia mpaka roho ikamwuma mwenyewe akafungua. Mwisho akaketi mlangoni na fimbo magotini, alinde kwa macho yake. Na joto la mchana ule likamzidi nguvu.

Hakulala, wala hakuwa macho. Nyasi zikatulia zote kwa mara moja, na kutoka ndani yake ikaja sauti nzito, kama ya mtu aliyeamshwa bila kutaka.

"Umeketi na fimbo, mama. Unamngoja nani?"

"Nakungoja wewe," Umazi akajibu, wala hakushangaa. "Wewe ndiye unayewaua mbwa wa watu. Na wangu wamefungua macho."

"Mimi?" Kifutu akavuta pumzi ndefu, nyasi zikainama. "Mimi nimelala, mama. Kukimbia sijui, nimeumbwa mzito. Ninapigwa pua usoni usingizini, na mkono wa kuisukuma sina. Nina meno tu."

"Basi hama hapa."

"Nihamie wapi? Nyasi zinaishia wapi?"

Umazi akatazama chini. Nyasi zilikuwa zimefika kwenye vidole vya miguu yake.

"Udongo mtupu nauogopa," sauti ikasema, sasa ikiwa mbali. "Hapo kuku hunipigia kelele, na kipanga huniona kutoka juu. Nyasi zikiisha, nami nimeisha."

Umazi akazinduka, fimbo imeanguka pembeni. Kama aliota au hakuota, yeye hakujua, na mimi msiniulize.

Ila dawa aliijua sasa, na ilimtisha. Anyoe ardhi ndani hamna maiti! Je, kama ni kweli kifo huitwa hivyo, na kikiitwa kikaja, si kitamchukua huyu huyu Watasema? Akageuka kumtazama mbwa wake, naye alikuwa ananyonyesha, amefumba macho kwa raha. Kitoto kimoja kilikuwa kimekwisha kujikokota mpaka kizingitini, kinanusa hewa ya nje.

"Liwalo na liwe," Umazi akasema, akashika jembe.

Aling'oa kuanzia mlangoni kwenda nje, akaizunguka nyumba yote, vumbi likimpanda mpaka kwenye kope. Kisha akafunga vijiti pamoja akafagia, kwa sababu majani makavu yaliyobaki nayo yanaweza kumficha yule atambaaye kwa tumbo. Akafagia tena na tena. Jua lilipoanza kuinama, nyumba yake ilikuwa imezungukwa na udongo mwekundu, laini, wenye mistari ya ufagio. Vitoto vya mbwa vikatoka kwa mara ya kwanza vikaanguka juu yake na kuinuka.

Haikupita muda, vilio vikasikika njiani. "Uwiii! Umazi! Nani ametutoka?" Wanawake walikuja mikono kichwani, mmoja amebeba chungu cha uji wa msiba, na mbele yao Ngowa, kaka wa marehemu mumewe, mtu mkubwa wa ukoo.

"Pole, shemeji," Ngowa akasema. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Hajafa mtu! Na udongo huu?"

"Wa mbwa."

"Kumbe mbwa ndiye aliyekufa?"

"Hajafa, shemeji. Nimefagia asife."

Loo! Zikazuka kelele za kuvunja masikio. Ana wazimu huyu! Anatuitia kifo kwa sababu ya mbwa! Ngowa akapiga fimbo chini. "Shemeji, rudisha nyasi za watu. Utatumaliza."

Umazi alikuwa mpole, hakuwahi kumjibu mkubwa. Siku ile alijibu, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Mume wangu alipokufa mlininyolea ardhi hii, mkalia vizuri, nawashukuru. Mlipoondoka akabaki huyu. Nyinyi mnamnyolea mtu akishakufa. Mimi wangu nimemnyolea angali hai. Kama ni kosa, nibebesheni mwenyewe."

Papo hapo Watasema akasimama, manyoya yamemsimama, akabweka. Watu wakageuka. Kifutu alikuwa ametoka nyasini, anaukata uwanja kwenda kwenye kivuli chake cha kila siku chini ya ukuta. Maskini, hakuwa amejua kwamba nyasi zimeondoka. Kila mtu alimwona, kuanzia kichwa mpaka mkia, naye bado yuko mbali. Watu wale walikuwa hawajawahi kumwona nyoka mapema namna ile. Umazi akamkamata mbwa wake shingoni. Ngowa, bila kufikiri, akainama akakiokota kitoto cha mbwa kilichokuwa miguuni pake, akakibana kifuani.

Kifutu akasimama katikati ya ule wekundu, na kivuli cha kipanga kikapita juu yake. Akajiona yuko uchi. Akageuka polepole, bila hasira, akarudi alikotoka, na nyuma yake udongo ukabaki na alama ya tumbo lake, imekata mistari ya ufagio. Mbwa hakuguswa, mtu hakuguswa.

Uji wa msiba waliunywa hivyo hivyo, maana ulikuwa umekwisha kupikwa. Ngowa akaaga kwa sauti ndogo, na kile kitoto cha mbwa akaenda nacho, hakukirudisha hadi leo. Kesho yake jembe lilisikika mlangoni kwake, kisha kwa jirani yake, kisha kwingine. Wakajifunza pia kufagia kila alfajiri, kwa sababu nyayo za jana huficha alama ya nyoka aliyepita usiku.

Watasema akaishi, akaishi, mpaka akazeeka. Pua ikawa nyeupe, mwendo ukawa wa kujivuta, na watu walitoka mbali kuja kumtazama, kwani nchi ile ilikuwa haijawahi kuona mbwa mzee. Walimstahi kama bibi wa mtu. Kisha asubuhi moja hakuamka.

Umazi alimfunika, akatoka na ufagio mkononi kwa mazoea. Akasimama. Angemlilia vipi? Ardhi ya kunyoa haikuwepo tena, kila mlango ulikuwa udongo mtupu, na mpita njia asingejua kwamba leo yeye ameondokewa. Halafu akaziona nyayo. Za jana jioni, zile za kujivuta, zimekwenda mpaka mwisho wa uwanja, zikasimama hapo kidogo, zikarudi mlangoni. Akainua ufagio azifagie, mkono ukakataa. Akauegemeza ufagio ukutani, akaketi chini akalia.

Jua likapanda, uwanja haukufagiwa. Ngowa akipita akauona vile, umejaa majani na nyayo za jana, naye akashusha sauti yake, akaingia, akaketi karibu na shemeji yake bila kuuliza kitu.

Tangu asubuhi hiyo, uwanja wa walio hai hufagiwa kila kunapokucha, na uwanja wa msiba haufagiwi mpaka matanga yaishe. Wageni husema ni uvivu wa huzuni. Sivyo. Aliyeondoka alipita hapo jana, na nyayo zake bado zipo.