Pumzi Moja ya Tarehe Tatu Juni

Sogeeni mnisikie, na mwenye usingizi aende kwake akalale. Leo sisimulii kwa raha. Nina hasira, na mkinisikiliza mpaka mwisho mtakuwa nayo na ninyi.

Walikuwako watu watatu katika kijiji chetu cha Kwamrindi, juu huku milimani Upare. Namcharo alijaliwa ukaidi. Akikaa mahali, hainuliwi. Senzighe alijaliwa mgongo. Gunia wanalobeba watu wawili, yeye alilibeba huku anapiga mluzi. Naelijwa alijaliwa jicho lisilojua huyu ni ndugu na huyu si ndugu. Akiona wizi, anasema ni wizi.

Tena tuna ndiva yetu. Kwa mgeni nitaeleza: ni bwawa la udongo walilochimba mababu chini ya chemchemi. Usiku linajaa, asubuhi tunafungua mlango wake, maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Mwenye zamu ya kwanza anapata maji. Mwenye zamu ya mwisho kiangazini anapata tope na pole.

Sasa sikilizeni la ajabu. Mambo makubwa yote ya ndiva hii yalitokea tarehe tatu Juni, kila moja mwaka wake. Wapo wanaosema siku hiyo ina mizimu. Mimi nasema mizimu haihusiki. Juni masika yameisha, bwawa limejaa na barabara imekauka. Mwizi haji ghala likiwa tupu.

Tarehe tatu Juni ya kwanza ilikuwa enzi za Mwingereza. Mzungu mwenye shamba la mkonge kule bondeni aliyataka maji yetu, akaleta askari wenye sururu waje kubomoa ukingo. Wanaume walisimama pembeni wakishauriana. Namcharo akaenda akakaa juu ya mlango wa maji, na wanawake wengine wakakaa nyuma yake. Askari mmoja akamwambia, "Ondoka, mama, utaumia."

"Nimeshakaa," akajibu.

Walimpiga, hakuondoka. Mwishowe wakambeba yeye wakampeleka kifungoni, lakini wanawake waliobaki waliongezeka mpaka sururu zikarudi bondeni bila kugusa udongo. Nyumbani alikuwa ameacha mtoto mchanga wa kunyonya. Alipofunguliwa, alionyeshwa kaburi.

Tarehe tatu Juni ya pili ilikuja mwaka ule mvua zilipokataa kukatika. Ukingo ukapasuka mchana kweupe, na chini yake kuna nyumba na watoto. Baragumu hatukuwa nalo, maana askari walilichukua siku ile ya Namcharo, kwa hiyo tuliitana kwa mayowe. Senzighe alifika wa kwanza. Hakuwa na jiwe wala mti wa kuziba, akaingia mwenyewe kwenye ufa, akaupa mgongo, akatuambia, "Jazeni udongo. Msiniangalie mimi, jazeni."

Tukajaza kwa majembe na mikono. Ukingo ukashika. Tulipomvuta alikuwa hai, ila mgongo ule haukunyooka tena. Miaka iliyobaki aliimaliza kwenye mkeka, akigeuzwa na mkewe, huku shamba lake likirudi kuwa kichaka. Mluzi hatukuusikia tena.

Tarehe tatu Juni ya tatu mnaikumbuka wengi wenu. Malori yalipanda kwenye msitu wa chemchemi, ule ambao tangu enzi na enzi haukatwi hata fito. Aliyewaongoza wakataji alikuwa Mbonea, kaka yake Naelijwa, tumbo moja, ziwa moja. Aliyewapa ruhusa ni mwenyekiti wetu, huyu huyu wa leo. Naelijwa akasimama katikati ya njia mbele ya lori. Kaka yake akashuka.

"Dada, tusiaibishane. Twende tukayamalize nyumbani."

"Nyumbani tunakunywa maji ya hapa," Naelijwa akamjibu.

Polisi walipofika na kuuliza nani kiongozi wa kazi hii, watu wote waliangalia miguu yao. Naelijwa alinyoosha kidole kwa kaka yake, kisha akakinyoosha kwa mwenyekiti. Kaka akafungwa. Mwenyekiti akaenda kunywa chai. Msitu ulipona, chemchemi ikapona. Lakini mama yake Naelijwa alimwita mbele ya ukoo akamwambia, "Usije kwenye mazishi yangu." Alipokufa, Naelijwa alilia akiwa ng'ambo ya bonde, akisikiliza wenzake wakizika.

Mmoja alitoa mtoto, mmoja mgongo, mmoja mama.

Mwaka huu tumepata baragumu jipya, pembe ya tandala, na mpulizaji ni mimi, kama alivyokuwa babu yangu. Kwetu siku kubwa hupewa jina kwa baragumu: pumzi moja, jina moja. Likishatoka halirudi, na nyumba ya jina hilo ndiyo inayofungua maji kwanza, kizazi hadi kizazi. Kupuliza mara mbili siku moja haiwezekani. Mara mbili ni msiba, watu watatoka na majembe kuuliza kaburi lichimbwe wapi. Na jua likizama siku haina jina, zamu zinabaki kwa mwenyekiti, kama zilivyokuwa miaka yote hii. Nadhani mnajua ni shamba la nani limekuwa la kwanza. Mahindi yake yanabeba wakati yetu yanakunja majani.

Basi leo, tarehe tatu Juni tena, asubuhi tukakusanyika ukingoni kuipa siku jina. Nambike, mjukuu wa Namcharo, akaanza. "Jina ni la bibi. Bila yeye, hapa pangekuwa shimo kavu na maji yangekuwa yanaosha mkonge. Hao wengine wangeokoa nini?"

Kajiru, mtoto wa Senzighe, akamkatiza. "Bibi yako aliokoa bwawa, sawa. Bwawa hilo hilo lingekwenda na nyumba yenu wewe ukiwa ndani, mchanga. Uko hai kwa mgongo wa baba yangu, halafu unaniuliza aliokoa nini?"

"Nakuuliza nani aliyetangulia."

"Kutangulia si kufika."

Naelijwa alikuwa amekaa peke yake, maana ukoo wake bado haukai naye. Akasema taratibu, "Ukingo mzuri usio na maji ndani ni kichuguu. Hao wawili Mungu awarehemu, na walishangiliwa, nyimbo zao mnazijua. Mimi hamjawahi kuniimba. Shamba langu ni la mwisho kwenye zamu, kwa sababu mwenyekiti hakusahau kidole changu. Maharage yangu yanakufa sasa hivi mnapobishana. Mnataka nife kwanza ndipo mnipe?"

Nambike akasema mtu haombi sifa kwa mdomo wake. Naelijwa akamuuliza yeye anaombewa na mdomo wa nani. Kajiru akasema aliyemfunga kaka yake asimfundishe mtu utu. Hapo nikaona watu waliokunywa bwawa moja maisha yao yote wakitukanana, na damu ikanichemka.

Na nani alikuwa anatabasamu? Mwenyekiti. Alikuja amevaa suti, akakaa kwenye kiti alichobebewa. Akasimama akasema, "Ndugu zangu, ugomvi wa nini? Wote watatu ni mashujaa. Tusimbague mtu. Siku isiwe na jina, sote tubaki wamoja."

Watu wakapiga makofi. Walimpigia makofi! Mimi nilitamani kumtumbukiza kwenye ndiva na suti yake, Mungu anisamehe, au asinisamehe, shauri yake. Mtu aliyeuza msitu anatufundisha umoja, nasi tunaitika.

Tangu asubuhi ile nimezunguka na pembe hii nyumba kwa nyumba, ndiyo nimefika hapa kwenu. Wazee wamenijibu, "Wewe ndiye mpulizaji." Vijana wamenijibu, "Wote wanastahili." Kila mtu ana huruma na hakuna mwenye jina.

Nikimtaja Namcharo, Naelijwa anakosa maharage, na kesho nani atamnyooshea ndugu yake kidole? Nikimtaja Naelijwa, nitamwambia nini mtoto aliyekufa kwa kukosa ziwa? Nikimtaja Senzighe, wanawake wawili watasema mwanaume ametukuzwa kwa kuwa ni mwanaume. Nikimwacha Senzighe, mimi nilikuwa mmoja wa wale waliomjazia udongo.

Jua lile pale, limegusa mlima. Pumzi ninayo, pembe ninayo, ndiva imejaa na mwenyekiti amekaa kwenye kiti chake anangoja giza. Basi niambieni, Namcharo, Senzighe au Naelijwa: wewe ungempulizia nani? Na asiniambie mtu "wote watatu", maana hilo ndilo jibu la mwenyekiti.