Evdokia na Kisiwa Kisicho na Kasoro

Hakuna methali nisiyoijua maana yake, isipokuwa zile nilizozisahau, nazo ndizo nyingi. Hii moja imenibakia: mchagua nazi hupata koroma. Yaani, anayechambua kupita kiasi huishia na kile ambacho hakuna aliyekitaka. Asiyeamini na amtazame Evdokia, mjane wa mtaa wa Kipseli, jijini Athene.

Ikifika Agosti, Athene huhama. Mwoka mikate hubandika karatasi mlangoni akapotelea visiwani, na anayebaki mjini huonekana kama kiatu kimoja kilichosahauliwa ufukweni. Evdokia hakuwa na mtu duniani ila wifi yake Polikseni, dada wa marehemu mumewe. Mwezi Juni, Polikseni alikuja akaketi jikoni na kahawa yake.

"Wifi, mwaka huu twende wote. Kisiwani Tinos, kwa hija ya Bikira Maria, waonaje?"

"Upepo wa kule utanivua sketi mbele ya mapadri."

"Watakushukuru kwa kuwachekesha! Haya, Egina."

"Karibu mno. Watu watasema tumeshindwa nauli."

"Siros?"

"Ngazi tupu. Haya magoti si ya mbuzi."

"Naksos basi, mama mchaguzi!"

"Naksos nitaifikiria."

Akaifikiria wiki sita. Ukweli ni kwamba alionja utamu wa kubembelezwa. Kila Polikseni alipopiga simu kuuliza, Evdokia alijua kuna mtu anayemngoja, na akitaja kisiwa tu, simu zitakoma.

Zilikoma hata hivyo. Polikseni alichoka, akakata tiketi za Tinos, akaenda na mjane wa mfamasia. Evdokia alikwenda mbio kwenye duka la tiketi, magoti na yote.

"Bibi, hadi tarehe kumi na nane hakuna hata pa kusimama sitahani," aliambiwa.

Hakutaka majirani wajue kwamba ameachwa. Akamtangazia kila jirani aliyekuwa akifunga begi, "Nami naenda Naksos!" Kisha akafunga mbao za madirisha yake, akaketi kizani na feni, akila nyanya na jibini kwa mkono ili uma usigonge sahani. Kwa siku nne hakusikia sauti ya binadamu ila yake mwenyewe, ikiuliza chumvi iko wapi.

Tarehe kumi na tano, sikukuu ya Bikira Maria, simu yake ya mkononi ililia mchana. Alikuwa wifi yake.

"Uko wapi, mtoro wewe?"

"Naksos, wifi! Hapa nimechovya miguu baharini."

"Ee, bahati gani hii! Mwenzangu kaondoka alfajiri, bintiye kajifungua. Kitanda cha pili ki wazi. Naksos na Tinos ni pua na mdomo. Panda meli ya saa tisa, nikupokee bandarini." Sauti ya Polikseni ikashuka. "Njoo, wifi. Siku kama ya leo sipendi kula peke yangu."

Kitanda, kiti, na mtu wa kula naye, vyote vilikuwa vikimngoja Evdokia, na katikati kulikuwa na bahari asiyoweza kuivuka.

"Na... nitauliza kama meli hiyo..."

Hakumaliza. Kipaza sauti cha gari kilinguruma chini ya dirisha lake: "Majokofu mabovu! Majiko mabovu! Vyuma chakavu, nachukua!"



"Wifi," Polikseni akasema polepole, "huyo si yule mkusanya vyuma wa Kipseli?"

"Ndiye. Naye... naye yuko likizo huku."

"Pamoja na gari lake?"

Nje, kipaza sauti kilikata kona na kufifia, Evdokia akabaki ameishika simu kizani. Mchagua nazi hupata koroma.