Tembo Aliyeambiwa Alie Tena

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma hamjaitika. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana kamera zilikwisha kuwepo, alikuwako Tembo jike aitwaye Bi Mkunde. Bi Mkunde alikuwa na mdogo wake, Chausiku. Chausiku akaugua. Akaugua, akaugua. Asubuhi moja akalala ubavu, tifu! Hakuamka tena. Sisi sote ni wa Mungu, na kwake tutarejea.

Tembo wana desturi yao. Tembo akifa, nduguze humfunika majani. Na porini kuna sheria. Mwili uliofunikwa ni wa Mungu. Mwili ulio wazi jua likizama ni wa Fisi.

Basi Bi Mkunde akaanza kazi. Akavunja tawi, kacha! Akaliweka. Akavunja tawi, kacha! Akaliweka. Alikuwa peke yake, na Chausiku, Mungu amrehemu, alikuwa mnene. Pembeni alikaa Fisi, amekunja miguu kama mgeni wa heshima.

"Pole sana, Bi Mkunde," akasema Fisi.

"Umekuja kuhani au umekuja kula?"

"Nimekuja kuhani. Kula ni baadaye."

Mara, vuuum! Gari. Akashuka Bwana Kandoro, mwenye kamera. Akashuka na Yakuti, mwimbaji. Yakuti huyo alikuwa maarufu. Huko mjini uso wake ulikuwa kwenye pakiti za sabuni. Sasa alikuwa akitengeneza kipindi cha wanyama, awaonyeshe watu jinsi tembo wanavyoomboleza. Alivaa miwani ya jua na wigi la kufika kiunoni. Porini! Miiba yote ikaanza kulitazama.

Yakuti akapiga magoti mbele ya kamera. Akaweka mkono juu ya sikio la marehemu.

"Wapenzi watazamaji," akasema, "huyu kwangu si mnyama. Huyu ni dada yangu. Damu moja!"

Akalia. Chozi lilitoka jicho la upande wa kamera.

"Safi," akasema Kandoro. "Ila majani yanamziba marehemu. Tuyaondoe, turudie. Na wewe, mama tembo, lia kidogo."

"Nimelia tangu asubuhi," akasema Bi Mkunde.

"Asubuhi hatukuwepo."

Wakayaondoa majani. Bi Mkunde alikuwa na msiba, na mwenye msiba hana nguvu za kugombana. Aliyezika anajua. Yakuti akalia. Bi Mkunde akafunika upya, kacha, kacha, kacha.

"Tena!" akasema Kandoro. "Nzi amepita."

Wakafunua. Yakuti akalia. Bi Mkunde akafunika.

"Tena! Mama tembo ametupa mgongo."

Wakafunua. Jua likashuka.

Fisi akafurahi. Akasogea karibu na kamera.

"Bwana Kandoro, kwa maoni yangu, hapo dada hakulia kwa moyo."

"Kweli?"

"Wallahi. Rudieni. Rudieni hata mara kumi. Mimi sina haraka."

"Huyu fisi anaijua kazi," akasema Kandoro.

Bi Mkunde akalitazama jua. Lilikuwa limegusa vilima. Akamtazama mdogo wake, mwili wazi, kama siku aliyozaliwa. Akasema moyoni, "Ee Mola, nimeshindwa. Niletee mtu."

Mungu akamletea nyani. Mungu humleta amtakaye.

Kwekwekwe! Kwekwekwe! Wakashuka kilimani ukoo mzima, Mzee Nyani mbele. Na Nyani, mnajua, ni mtani wa Tembo. Msibani mtani ana ruhusa. Humwigiza marehemu, huwacheka wafiwa, hata huchukua kitu cha ndugu wa marehemu, na ndugu hakasiriki. Ndiyo mila.

Mzee Nyani akaingia kwa mwendo wa Chausiku, tumbo mbele, makalio yanayumba.

"Chausiku! Mla mihogo ya watu! Leo umeshiba mpaka umesahau kuamka?"

Bi Mkunde akacheka. Ndiyo mara ya kwanza siku ile.

Yakuti akakasirika. "Nyie nyani hamna adabu? Mnacheka msibani?"

"Na wewe ni nani, binti?"

"Mimi ndugu wa marehemu! Damu moja!"

Mzee Nyani akawageukia wenzake. "Mmesikia? Ndugu wa Tembo! Basi huyu naye ni mtani wetu!"

Pwaa! Wigi likaondoka. Pwaa! Miwani ikaondoka. Nyani mmoja akavaa vyote viwili, akapiga magoti, akafumba jicho moja, akalia kwa la pili. "Wapenzi watazamaji, damu moja!" Mwingine akampokonya Kandoro kamera, akapanda nayo mtini. "Tena! Tena! Nzi amepita!"

Bi Mkunde akacheka mpaka mkonga ukatetemeka.

Yakuti akabaki kichwa wazi, na vijisuko vyake vya nywele, vya haraka haraka. Akaangua kilio. Safari hii macho yote mawili.

"Sasa ndiyo umelia!" akapiga kelele Kandoro. "Na kamera sina!"

"Mama, waambie wanirudishie!" akasema Yakuti.

"Mtani hakasirikiwi, mwanangu," akasema Bi Mkunde. "Kama u ndugu, vumilia, ushike tawi. Kama si ndugu, sema. Watakupa vitu vyako, uende zako."

Yakuti akalitazama gari. Akamtazama marehemu. Jua lilibaki kama ukucha.

"Sema si ndugu," Fisi akamnong'oneza. "Giza hilo, dada. Nenda nyumbani."

Yakuti akasema polepole, "Mimi si ndugu yake. Simjui. Nimemwona leo."

Mwenye wigi akalivua, akampa.

Yakuti akalipokea. Hakulivaa. Akaliweka chini, akauendea mti, akavuta tawi. Lilikuwa la miiba, likamchana mkono. Kacha! Akaliweka juu ya Chausiku, upande upande, vibaya.

"Hapo pazuri," akasema Bi Mkunde.

Basi nyani wote wakaingia kazini. Kacha! Kacha! Kacha! Hata Kandoro akavunja matawi, maana mikono yake haikuwa na kitu. Jua likazama. Chausiku alikuwa amefunikwa.

"Hata mguu mmoja?" akauliza Fisi. "Hata mkia?"

"Nenda, Fisi."

Akaenda, tumbo linanguruma kuliko gari.

Kandoro akarudishiwa kamera yake. Akapangusa kioo. "Yakuti, lile la tawi lilikuwa zuri. Tufunue kidogo, turudie."

"Hili halirudiwi, Bwana Kandoro. Washa gari."

Walipokwenda wote, Bi Mkunde akalia. Alilia namna gani? Mimi sijui. Hakuna aliyemwona ila Mungu.

Basi, wanangu na wakubwa zangu, funzo ni hili. Ukifika msibani, usilete machozi ya kutazamwa. Shika tawi. Hata kama marehemu humjui, shika tawi.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya majani. Asiifunue mtu.