Kengele Zilizopona kwenye Kompyuta

Wapo watu wanaoamini kwamba jeraha likifunikwa shuka safi limekwisha kupona. Wahenga waliwajua watu hao, wakawaonya bila kuwabembeleza: mficha maradhi kifo humuumbua. Maana yake ni kwamba anayeficha tatizo halitibu, bali hulipatia nafasi ya kukua mpaka lijitangaze lenyewe mbele ya watu. Katika hospitali moja kubwa onyo hilo lilipuuzwa, na aliyeumia wa kwanza hakuwa yule aliyelipuuza.

Muuguzi mkuu wa wodi ya wazee alikuwa amesubiri kengele hadi akachoka. Kando ya kila kitanda palikuwa na kitufe cha mgonjwa kuitia msaada, lakini vyote vilikuwa vimekufa tangu kisanduku cha ukutani kinachoviendesha kiungue. Ombi lake la matengenezo lilikaa kwenye kompyuta, katika mfumo uliopokea maombi ya vifaa vyote vya hospitali, likisubiri kipuri. Kwa kuwa ombi lilikuwa bado wazi, utawala ulimpa mhudumu wa ziada wa kuzunguka vitandani. Haikutosha, lakini nusu shari kuliko shari kamili.

Jumatatu asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu yake: "Tatizo lako limetatuliwa. Tunafurahi kukuhudumia." Akaenda kitanda cha kwanza, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza cha pili, cha tatu, mpaka mwisho wa wodi. Kimya tupu. Aliporudi mezani alimkuta mhudumu wa ziada anavua aproni.

"Nimeambiwa nirudi kwenye ufuaji, Sista. Wanasema kengele zimepona."

Damu ikamchemka. Alishuka ngazi mbiombio mpaka chumba cha kompyuta, ambako mkuu wa kitengo hicho alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni wakati mama yao alipokuwa kazini. Hospitali nzima ilimwita Shwari, kwa sababu hata paa lingekuwa linaungua, ukimuuliza hali angekujibu hivyo hivyo.

"Dada, karibu! Umeona toleo jipya la mfumo? Tumehamisha kila kitu mwisho wa juma. Shwari kabisa."

"Shwari ya nani? Nani ametengeneza kengele zangu?"

Tabasamu likamfifia. Akafunga mlango.

"Sikiliza, dada. Toleo la zamani lilikuwa na kundi la maombi yanayosubiri vipuri. Toleo jipya halina kundi hilo. Kwenye majaribio maombi hayo yote yaligoma kuhama. Na mimi nilishamwahidi mkurugenzi kwamba Jumatatu tuko kazini."

"Kwa hiyo?"

"Nikayaingiza kwenye yaliyokamilika. Yapite kwanza, nitayapanga baadaye."

"Yote?"

"Yote."

"Yaani kengele zangu zimepona kwa kuhamishwa nyumba! Una akili timamu wewe? Ulishindwa nini kusema kundi halipo, likatengenezwa, mkahama wiki ijayo?"

"Ningeonekana sijui kazi. Usinichongee, dada yangu. Nifichie kidogo tu."

Alitaka kwenda kwa mkurugenzi dakika ile ile, lakini damu nzito kuliko maji, na uso wa mdogo wake ulikuwa umesawajika.

"Kesho asubuhi utakwenda mwenyewe ukaseme," alimwambia. "Usipokwenda, nitakwenda mimi. Na mhudumu wangu arudi leo!"

"Shwari, dada."

Hakurudi mtu. Alasiri ile, muuguzi na mwenzake mmoja walikuwa nyuma ya pazia upande mmoja wa wodi, wakimgeuza mgonjwa aliyepooza. Upande wa pili, kwenye kitanda cha dirishani, alilala fundi cherehani mstaafu, mzee aliyependa kuwatania wauguzi kwamba sare zao zilishonwa na adui yao. Mzee huyo alipaliwa. Walipomfikia alikuwa amekwisha kukata roho, na kidole gumba chake kilikuwa bado kwenye kitufe.

Kesho yake mkurugenzi alipanda wodini na wakuu wa vitengo vyote, wakasimama kando ya kitanda cha marehemu.

"Kengele ya kitanda hiki ilikuwa mbovu?" aliuliza.

Shwari alifungua kompyuta yake, asimtazame dada yake. "Hapana, mheshimiwa. Mfumo unaonyesha zimetengenezwa. Labda walioitwa hawakuitika."

Muuguzi alihisi kama amezabwa kofi. Jana mdogo wake alibembeleza afichiwe kosa. Leo alikuwa tayari kumfukia dada yake juu ya kosa hilo hilo ili lisionekane!

"Mheshimiwa," alisema, "bonyeza kitufe hicho. Bonyeza mwenyewe."

Mkurugenzi akabonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu. Wote wakatega masikio, hakuna kilicholia.

Mpishi mkuu akakohoa. "Hata mimi nilitumiwa ujumbe kwamba jiko kubwa limepona. Halijapona."

"Na lifti ya wagonjwa!" akadakia daktari wa upasuaji.

"Na jokofu langu la dawa!" mfamasia akafoka. Simu zikatolewa mifukoni, kila moja na ujumbe ule ule wa furaha. Macho yote yakamgeukia Shwari.

"Dada, niokoe," alinong'ona.

"Nimekubeba vya kutosha. Waambie ulichofanya. Nami nitawaambia kwamba nilijua tangu jana, nikakupa siku moja, na siku hiyo ndiyo iliyomuua mzee wa watu."

Shwari alipoinua uso kutafuta mahali pa kutokea, alimwona mwanamke mlangoni. Alikuwa binti wa marehemu, aliyekuja kuchukua nguo za baba yake, na alikuwa amesikia yote.

"Sema," binti alimwambia. "Baba yangu alibonyeza nini?"

Mkurugenzi hakumsaidia. Dada yake naye hakumsaidia. Shwari akasema yote, neno kwa neno, mbele ya yatima aliyemfanya kwa mkono wake. Hakuumbuliwa na mkaguzi wala na dada yake, bali na maiti ya mzee aliyeita asiitikiwe. Kweli, mficha maradhi kifo humuumbua.