Bakshishi ya Hoteli ya Tule Kwanza

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni Jumanne ya wiki hii, niliona jambo. Sikusimuliwa. Sikupigiwa simu. Nililiona kwa macho yangu haya mawili. La kushoto lina ukungu kidogo, lakini la kulia nikisimama hapa Muheza naona nguo zilizoanikwa kule milimani Amani. Shule niliishia darasa la sita, tena kwa hiari yangu, mwalimu akabaki analia. Kwa hiyo ninayosema ni kweli tupu, na asiyeamini apeleke masikio yake kwingine.

Nilikuwa nimekaa Hoteli ya Tule Kwanza, meza ya pembeni, karibu na dirisha, nakula wali wangu wa nazi taratibu. Wakaingia watu wawili.

Wa kwanza alikuwa Bwana Kilua, muuza machungwa. Mwanamume wa makamo, kifua kama mlango, meno yote yapo, mzuri wa sura hata ukimtazama kisogoni. Wa pili alikuwa Mzee Mhina, mzee mkavu, kofia imenyooka, baba wa binti aitwaye Mwanjaa. Kilua alikuwa anamtaka Mwanjaa. Mwanjaa alikuwa anamtaka Kilua. Barua ya posa ilishafika, ikabaki kauli ya mzee tu. Na mzee alikuwa amesema hivi: "Barua mtu anaweza kuandikiwa. Mimi nataka kula naye. Mtu nikila naye mara moja, nimemjua."

Basi wakakaa. Kilua jasho linamtoka, shati limemganda mgongoni.

Sasa sikilizeni. Hoteli ile ina mabirika mawili, yote ya buluu, yote yamebanduka rangi mdomoni, pacha kabisa. Moja ni la maji ya kunawa. Moja ni la chai ya maziwa. Akaja mhudumu, dada mmoja anaitwa Mwanamvua, beseni mkono huu, birika mkono huu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu unawe."

Mzee akanyoosha mikono. Akamiminiwa. Akaitazama mikono yake. Akainusa. Akalamba kidole kimoja, ili asije akamsingizia mtu.

"Binti, hii ni chai."

"Baba, hayo ni maji, ila yana vuguvugu kid..." Mwanamvua akachungulia ndani ya birika. "Baba, ni chai."

Tena chai ya maziwa! Yenye tangawizi! Sukari imekolea mpaka nzi wa meza za jirani wakahama. Mzee akasimama wima. "Kilua! Umenileta hapa nije kuoshwa kama kikombe?" Akaishika bakora yake, akaanza kwenda mlangoni, na ndoa ya watu inaondoka naye.

Lakini Mwanamvua akamkimbilia, akapiga magoti palepale sakafuni. "Baba, kosa ni langu peke yangu. Nigombeze mimi. Usimwondokee mwenzio, yeye amekuheshimu." Akaleta maji safi. Akaleta sabuni. Akamwosha mzee kidole kimoja kimoja, akapanda mpaka kwenye viwiko, akamfuta kwa khanga yake mwenyewe. Mzee akaguna. Akarudi. Akakaa.

Tuendelee. Hoteli ile hakuna kuandika. Oda inapigwa kelele kutoka mezani mpaka jikoni. Na mpiga kelele ni Chambuso, ambaye mji mzima unamwita Redio. Redio akaja, kitambaa begani.

Kilua akamvuta karibu. Akamnong'oneza: "Kaka, mzee mletee kuku mzima. Mimi niletee maharage na ugali. Akiuliza, mwambie tumbo linanisumbua. Ukweli ni mfuko, lakini hilo libaki hapa hapa."

Mfuko wenyewe haukuwa mtupu. Ulikuwa na pesa ya kuku mmoja, ya maharage, na noti moja juu. Ile noti Kilua aliitenga kwa bakshishi, kwa sababu Mwanjaa alimwonya mapema: "Kila kitu usahau, ila mhudumu usimsahau. Baba anaangalia hapo." Msiniulize nilijuaje. Mimi mambo huwa nayajua.

Redio akavuta pumzi. Akajaza kifua.

"Jikoniiii! Kuku mzima wa baba mkwe! Na maharage ya mposaji! Anasema tumbo, lakini ni mfukooo!"

Hoteli nzima ikacheka. Muuza vocha nje akacheka. Mimi peke yangu sikucheka.

Mzee Mhina akamgeukia Kilua. "Ni kweli?"

"Kweli, mzee."

"Ni tumbo?"

"Mfuko, mzee."

Mzee akaiweka bakora yake chini. Kisha akasema polepole, "Waliokuja kumposa Mwanjaa kabla yako walikuwa wawili. Wote walinilisha, na wenyewe wakala mpaka wakacheua. Hakuna hata mmoja aliyekula maharage ili mimi nile kuku." Akamsogezea Kilua kiti, wakawa karibu. Kilua hakujua amshukuru Redio au amtie kabari.

Wakasubiri chakula. Wakamaliza habari za mvua. Wakasubiri. Wakamaliza habari za machungwa. Wakasubiri. Wakamaliza marehemu wote wa pande zote mbili, wakarudia wale muhimu. Wakasubiri. Maharage ya Kilua yalifika, yakapoa, yakaota ngozi juu, na kuku bado.

Mwishowe kuku akaja. Jogoo! Paja limesimama kwenye sahani kama linataka kuondoka. Mzee akaling'ata, likagoma. Akalivuta, likamvuta. Akaling'ata tena kwa hasira, na pwa! Jino likamtoka, likaangukia kwenye mchuzi.

"Mpishi aje hapa!" mzee akaunguruma.

Akatoka Bi Nyange, mpishi, mikono ina masizi. "Mzee, kuku aliyekuwepo jikoni alikuwa wa juzi. Ananuka. Mwenye hoteli akaniambia nizidishe pilipili na limau, mtakula tu. Nikakataa. Nikaenda nyumbani kwangu mtaa wa Genge kwa miguu, nikachinjisha jogoo wangu mwenyewe, yule anayeniamsha alfajiri. Ndiye huyo unayemtukana."

Mzee akapapasa shavu. Akapapasa tena. Lile jino ndilo lililomtesa tangu Ramadhani. Limetoka, na maumivu yametoka nalo. Mara ya kwanza tangu aingie, mzee akacheka, pengo wazi.

Wakala. Kilua akalipa. Ikabaki ile noti moja. Akaiweka mezani, chini ya kisahani, kiungwana, kama alivyofundishwa.

Uuu! Nyie! Hata kisahani hakijatulia, watu watatu wamezunguka meza.

Mwanamvua akasema: "Hiyo ni yangu. Mgeni wako alikuwa amefika mlangoni. Nani alimrudisha? Nilipiga magoti mbele ya watu, khanga yangu imenuka chai. Bila mimi ungekula maharage yako na kiti kitupu."

Redio akasema: "Wewe nyamaza, uliyemwosha mzee kwa maziwa kama mtoto mchanga! Hiyo ni yangu. Nani alimsifu bwana harusi? Mwenyewe alitaka kudanganya, eti tumbo. Mimi ndiye niliyesema kweli, na kweli ikamsogezea kiti. Bila mimi mzee angedhani ana mkwe mgonjwa."

Bi Nyange akasema: "Wewe uliyetangaza mfuko wa mtu mpaka stendi unataka na zawadi? Hiyo ni yangu. Hawa wangekula mzoga, sasa hivi wangekuwa wanafukuzana chooni, na posa ingefia huko. Nimetoa jogoo wangu. Kesho nani ataniamsha?"

"Jogoo wako angefaa tairi la baiskeli!" akasema Redio.

"Na mdomo wako ungefaa honi ya lori!"

Kilua akaona heri njia rahisi. Akamwita mwenye hoteli, "Bosi, nipasulie hii noti, nipate tatu ndogo." Mwenye hoteli hata hakuinua kichwa: "Chenji hapa hakuna tangu asubuhi."

Kilua akasema, "Basi nitawaletea machungwa, kila mtu kapu lake."

"Machungwa ni biashara yako," Mzee Mhina akasema. "Sisi tunazungumza habari ya bakshishi."

Kilua akaona heri ya mwisho. Akanyoosha mkono airudishe noti mfukoni. Huduma gani hii, chai mikononi, siri hadharani, kuku baada ya saa mbili nzima! Mzee akaifunika noti kwa kiganja.

"Subiri kwanza," akasema. "Unajua Mwanjaa alifanya kazi gani kabla hajaanza kushona?"

"Alikuwa mhudumu wa hoteli, mzee. Miaka minne."

"Miaka minne. Jioni anarudi, miguu imevimba, anakaa kizingitini, anakanda nyayo. Nikimuuliza, mwanangu, leo vipi? Ananiambia, baba, nimehudumia watu sitini, hata asante sikupata, kwa sababu sahani moja ilichelewa. Sahani yenyewe hakuipika yeye." Mzee akakohoa kidogo, akajifanya ni pilipili. "Kwa hiyo, Kilua, mtu anayeondoka na bakshishi yake mfukoni kwa sababu kumetokea kosa, huyo binti yangu simpi. Siku Mwanjaa akiunguza mboga atamnyima hata neno."

"Nimeelewa, mzee."

"Hujaelewa. Na mtu anayemzawadia kila mzembe, huyo pia simpi. Nyumba yake italiwa na wajanja, na mwanangu atalala njaa. Noti ni moja. Hawa ni watatu. Kila mmoja amekuharibia, na kila mmoja amekuokoa. Niambie anayestahili, na uniambie kwa nini. Ukinijibu nikaridhika, barua yako nimeipokea. Ukibabaika, nitajua ile barua kweli uliandikiwa."

Kilua akamtazama Mwanamvua. Akakumbuka magoti. Akakumbuka chai. Akamtazama Redio. Akakumbuka kiti. Akakumbuka kicheko. Akamtazama Bi Nyange. Akakumbuka jogoo. Akakumbuka jino. Mwanamume yule mwenye kifua kama mlango, muuza machungwa anayeweza kumuuzia chungwa mwenye shamba la machungwa, akakosa neno.

Mzee akamhurumia kidogo. Akaikunja ile noti, akaifunga kwenye pembe ya leso yake. "Nakupa mpaka Ijumaa. Baada ya sala njoo nyumbani na jibu. Na Mwanjaa atakuwa amekaa palepale kizingitini, anakusikiliza." Akachukua bakora yake. Kufika mlangoni akageuka: "Na usije na jibu la kuazima!"

Sasa mnaniona nimewakusanya hapa, nimewanunulia kahawa na kashata, mkadhani nimekuwa mkarimu. Nataka mawazo yenu. Si kuazima, ni kuulizana tu, kama majirani. Mwanamvua, aliyeharibu mikono ya mzee akaurudisha moyo wake? Redio, aliyevunja siri ya mtu akamjengea heshima? Bi Nyange, aliyechelewesha chakula akaokoa matumbo? Au noti irudi mfukoni, na mwenye kuthubutu akamweleze Mwanjaa uso kwa uso?

Fikirini upesi. Leo ni Alhamisi.

Na kwa kuwa mimi ni mkweli, nakiri kitu kimoja tu nilichokitunga katika haya yote. Ile meza ya pembeni, karibu na dirisha. Haikuwapo. Wala wali wa nazi sikuuonja. Jumanne ile mimi nilikula maharage.

Haya, jamani, nisaidieni: ni nani alistahili?