Kiziwi wa Bwana Mkumba

Serikali ilitangaza ruzuku kwa kila karakana itakayoajiri kijana mwenye ulemavu. Zuhena, seremala wa mguu mmoja, akaenda kuomba kazi kwa tajiri Mkumba, mwenye karakana.

"Nafasi imejaa," Mkumba alimjibu. "Nimemwajiri huyu shemeji yangu. Kijana, tena kiziwi."

Shemeji alikaa kwenye benchi, nywele zimepakwa piko zikawa nyeusi tii. Afisa wa ruzuku, aliyekuja kukagua, aligonga nyundo nyuma yake. Hakushtuka. Afisa akapiga mluzi, wapi. Akatoa kalamu asaini fomu ya ruzuku.

"Basi nimpongeze mwenzangu, niende zangu," alisema Zuhena. Akajikongoja na magongo yake, akasimama nyuma ya shemeji, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia shemeji.

Zuhena akamgeukia Mkumba. "Naanza leo au kesho, bosi?"