Rangi ya Mashua ya Bwana Shekue

Siku hiyo walikuwepo Bwana Shekue, mwenye mashua kuukuu, fundi Haji, na Bi Saumu, mke wa nahodha, ambaye mumewe alishinda akifua na kumwaga maji yaliyovuja chomboni. Fedha zilitosha kitu kimoja tu: rangi, au kalafati ya kuziba nyufa.

"Rangi!" akasema Shekue. "Ing'ae, watu waone."

"Na ing'ae, bwana," akajibu Bi Saumu kwa upole. "Mama yako kasema siku ya kuishusha majini atapanda yeye kwanza, aitie baraka. Tumkalishe wapi?"

Shekue akamgeukia fundi. "Maji huingia wapi?"

"Kote, bwana."

"Basi tia kalafati! Rangi itangoja."

Bi Saumu akaaga, akaenda moja kwa moja kumwomba mama yake Shekue, ambaye hakuwa na habari yoyote, apande. Mama alikubali, na siku ya kuishusha akapanda, akarudi na kanga kavu.